Simu kwa Njia ya Intaneti: Nani Hupanga Bei, Nani Huweka Sheria?

SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Lengo: Kufikia mwisho wa somo, wanakikundi waweze kueleza jinsi simu ya intaneti inavyofanya kazi, nani huilipia, sheria zake zatoka wapi, na hatua gani kikundi chaweza kuchukua.

Muda: Mikutano miwili. Mkutano wa kwanza someni sehemu ya 1 hadi ya 4. Wa pili someni zilizobaki, kisha mjadiliane.

Vifaa: Daftari la kikundi, kalamu, simu moja yenye intaneti na simu moja ya kawaida.



Tunapotembelea vikundi hapa Vitengeni na kwingineko katika eneo la Ganze, maswali juu ya simu hayaishi. Mama mmoja huuliza, "Kwani hii ya WhatsApp yalipiwa na nani?" Kijana hujibu kwamba ni ya bure. Mzee naye husema amesikia ni wizi, na siku moja serikali itaifunga. Halafu huinuka mzazi ambaye binti yake yuko Arabuni kikazi, na swali lake ndilo zito kuliko yote: "Mbona huku naona picha yake, lakini nikimpigia haiingii?"

Maswali haya si ya mzaha. Pesa za kikundi hupita kwenye simu, habari za wagonjwa hupita kwenye simu, na bei za mahindi na mbuzi vilevile. Basi tukae chini tulisome jambo hili polepole.

1. TULIKOTOKA

Wazee wetu waikumbuka Shirika la Posta na Simu la Kenya. Lilianza mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule kuvunjika. Shirika hili lilifanya kila kitu: barua, telegramu na simu. Hapakuwa na mwingine wa kwenda kwake. Aliyetaka kuwekewa simu nyumbani aliandika ombi na kungoja, mara nyingi kwa miaka. Mtu wa mashambani kama sisi, akitaka kuzungumza na ndugu aliye mbali, mara nyingi ilimbidi afunge safari mpaka mjini, Kilifi au Malindi, na akifika apange foleni akiwa na sarafu mkononi.

Hesabu ya watu ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba Wakenya walikuwa kama milioni 28.7. Wakati huo laini za simu za mezani nchini kote hazikufika laki nne, na nyingi zilikuwa mijini.

Leo laini za simu za mkono nchini ni zaidi ya milioni 60. Tahadhari: laini si mtu. Wengi wana laini mbili au tatu, na wako wengine ambao hawana hata moja. Lakini mabadiliko ni makubwa, na hayakuja yenyewe. Yalitokana na maamuzi ya watu.

2. SHERIA YA MWAKA 1998 NA UPEKEE WA TELKOM

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Mawasiliano. Mwaka uliofuata lile shirika la zamani likagawanywa mara tatu: Posta ikabaki na barua, Telkom Kenya ikachukua simu, na ikaundwa Tume ya Mawasiliano, iliyojulikana kama CCK, iwe mwamuzi kati ya makampuni, serikali na wananchi.

Hata hivyo Telkom iliachiwa upekee wa miaka mitano hivi. Kwa muda huo ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kupitisha simu za nchi za nje na kumiliki njia kuu ya intaneti. Kampuni nyingine ikijaribu kuuza simu kwa njia ya intaneti, ilikuwa inavunja sheria. Kwa hiyo yule mzee anayesema simu ya intaneti ni wizi hakuota ndoto. Wakati mmoja biashara hiyo ilikatazwa kweli.

Hapa pana kisa kimoja cha kutufundisha. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 makampuni ya intaneti ya Nairobi, kupitia chama chao TESPOK, yalifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano kiitwacho KIXP. Kabla ya hapo, barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine hapo hapo mjini, kama zilitumia makampuni tofauti, ilipanda kwa setilaiti, ikavuka bahari mpaka ng'ambo, kisha ikarudi Nairobi. Ni sawa na mtu wa Vitengeni kupeleka debe la mahindi Ganze kwa kupitia Nairobi. Na nauli ililipwa ya kwenda na ya kurudi.

Kituo kile kilikuwa cha kuondoa hasara hiyo. Lakini Telkom ililalamika kwamba upekee wake umeingiliwa, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo Tume ikaamuru kifungwe. Makampuni hayakukata tamaa. Yalikata rufaa, yakaeleza, yakajadiliana, na mwanzoni mwa mwaka 2002 kituo kikafunguliwa tena, sasa kikiwa na leseni. Upekee wa Telkom ulikwisha mwaka 2004, na baada ya hapo makampuni yenye leseni yakaruhusiwa kuuza simu za intaneti.

Funzo ni hili: jambo lililokatazwa jana laweza kuruhusiwa leo, watu wakijipanga na kutoa hoja. Na lililoruhusiwa leo laweza kukatazwa kesho, watu wakilala.

3. SIMU YA INTANETI HUFANYAJE KAZI?

Simu ya kizamani ni kama gari la kukodi. Ukishalikodi ni lako peke yako mpaka mwisho wa safari. Ukinyamaza, ukikohoa, ukisema "ngoja kidogo nimwite baba," bado walipia, kwa sababu njia imefungwa kwa ajili yenu wawili.

Simu ya intaneti ni kama kutuma vifurushi kwa matatu ambayo itakwenda tu, uwe na mzigo au usiwe nao. Sauti yako hukatwa vipande vidogo vidogo sana. Kila kipande hubandikwa anwani ya kinakokwenda. Vipande husafiri vikichanganyika na vya watu wengine, na vikifika hupangwa tena viwe sauti. Haya yote hutendeka kabla hujapepesa jicho. Ndiyo maana mtandao ukiwa dhaifu sauti hukatika: baadhi ya vifurushi vimechelewa njiani.

Kwa hiyo simu ya intaneti si ya bure. Walipia bando. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: katika simu ya kawaida hapa nchini hulipa anayepiga, anayepokea halipi. Katika simu ya intaneti wote wawili hula bando, anayepiga na anayepokea. Ukimpigia mama kwa WhatsApp, jua kwamba na yeye yamtoka.

Zoezi. Msikubali maneno ya mtu, pimeni wenyewe. Angalieni salio la bando na mliandike daftarini. Pigeni simu ya WhatsApp ya sauti kwa dakika 10, bila kufungua kitu kingine. Angalieni salio tena, mtoe tofauti. Tuseme, kwa mfano tu, mlinunua megabaiti 100 kwa shilingi 20. Hapo kila megabaiti 5 ni shilingi 1. Kama simu ilikula megabaiti 5, basi upande wenu mmetumia shilingi 1. Rudieni zoezi hilo kwa simu ya video, nanyi mtaona tofauti. Mwisho linganisheni na bei ya dakika 10 za simu ya kawaida.

4. KWA NINI BEI IMETEREMKA?

Wengine huiona bei ya simu kama mvua: yaja ikitaka, yaondoka ikitaka. Sivyo. Tutaje sababu tatu.

Kwanza, ushindani. Mwaka 2000 Safaricom ilipata mshirika, Vodafone ya Uingereza, na kampuni ya KenCell ikaanza kazi. KenCell ilibadilishwa jina mara kadhaa na leo ni Airtel. Kabla ya hapo simu ya mkono ilikuwa ya matajiri. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na simu ikawa pia mfuko wa pesa.

Pili, nyaya za chini ya bahari. Mpaka mwaka 2009 intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ambayo ni ghali na ya polepole. Mwaka huo waya wa TEAMS na ule wa SEACOM ilifika Mombasa, ikafuatwa na mingine. Sisi watu wa Pwani tuikumbuke habari hii: intaneti ya nchi nzima, na ya baadhi ya majirani zetu, huingilia kwenye bahari yetu.

Tatu, mwamuzi. Mtu wa mtandao mmoja akimpigia wa mtandao mwingine, kampuni ya anayepiga huilipa kampuni ya anayepigiwa ada ya kuunganisha. Ada ikiwa kubwa, kampuni ndogo huumia na bei hupanda. Mwaka 2010 Tume iliiteremsha kutoka shilingi 4.42 hadi shilingi 2.21 kwa dakika, na mara makampuni yakaanza kushindana, bei ya kupiga ikashuka mpaka shilingi 3. Ada hiyo imeendelea kukatwa: mwaka 2022 ikawa senti 58, na mwaka 2024 ikawa senti 41. Kila mara kampuni kubwa na ndogo zilivutana, na mwamuzi akakata shauri.

5. MVUTANO WA WHATSAPP

Simu za sauti za WhatsApp zilianza mwaka 2015. Wenye makampuni ya simu husema hivi: "Sisi ndio tunaojenga minara, tunanunua dizeli, tunalipa walinzi, leseni na ushuru. Huyu wa Marekani hana hata mnara mmoja hapa, naye abeba simu za wateja wetu." Hoja hiyo ina uzito. Kampuni isipopata faida haitajenga mnara katika kijiji chenye nyumba chache.

Watumiaji nao hujibu: "Bando tumelinunua kwenu. Nikinunua maji ya mtungi, mwenye kisima aniulize nimepikia au nimefulia?" Hoja hii pia ina uzito.

Serikali mbalimbali zimeamua kwa njia tofauti. Uganda, mwezi wa Julai 2018, ilianza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetaka kutumia WhatsApp, Facebook na nyinginezo. Watu wengi walilalamika, wengine wakatafuta njia za kukwepa. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa na mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando.

Hapa Kenya simu ya WhatsApp haikatazwi, na hakuna kodi ya kila siku ya aina ile. Lakini ushuru tunalipa. Mwaka 2021 ushuru wa bidhaa kwenye kredi na bando ulipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20, na mwaka 2023 ukateremshwa tena hadi 15. Juu yake kuna kodi ya VAT. Kwa hiyo hata mama anayenunua kredi ya shilingi 10 sokoni ni mlipa kodi, na ana haki ya kuuliza pesa hizo zafanya nini.

Tena iko Hazina ya Huduma kwa Wote. Sheria iliiunda ili makampuni yenye leseni yachangie sehemu ya mapato yao, na pesa hizo zipeleke mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake haifiki. Kama katika kijiji chenu lazima upande mti au kilima kutafuta netiwaki, hazina hii yawahusu ninyi. Si sadaka. Iliundwa kwa ajili ya mahali kama hapo.

6. WATOTO WETU WALIO ARABUNI

Sasa turudi kwa yule mzazi. Baadhi ya nchi za Ghuba zimezuia simu za intaneti kwa muda mrefu. Katika Falme za Kiarabu, ujumbe wa WhatsApp na picha hupita, lakini simu za WhatsApp huzuiwa, na huruhusiwa programu chache zilizopewa leseni. Saudia ilianza kulegeza masharti mwaka 2017, kwa programu zinazokubali kanuni zake. Ndiyo sababu mzazi huona picha ya binti lakini simu haiingii. Si lazima awe amekataa kupokea, na si lazima awe hatarini.

Lakini pia kimya chaweza kuwa cha hatari kweli. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kila familia iweze kuitambua. Twashauri kabla mtu hajaondoka:

(a) Hakikisheni wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Jina lake, ofisi yake na namba yake viandikwe, nakala ibaki nyumbani.

(b) Kubalianeni siku ya salamu, mathalani kila Ijumaa, na njia mbili za kuwasiliana: moja ya ujumbe wa maandishi au sauti, na nyingine ya simu ya kawaida. Njia moja ikizuiwa, ya pili ibaki.

(c) Kubalianeni neno moja la siri ambalo akilitaja, mtajua ana shida hata kama mwajiri amesimama karibu.

(d) Siku mbili tatu za salamu zikipita kimya kwa njia zote, msingoje. Mwendeeni wakala, kisha ofisi za serikali, na mwombe ubalozi wa Kenya katika nchi hiyo ujulishwe. Parokia nayo iko tayari kuwaandikia barua.

(e) Asishawishiwe kutumia ujanja wa kuruka vizuizi vya nchi ile. Katika Falme za Kiarabu mtu anayefumaniwa akitumia ujanja huo kuvunja sheria aweza kutozwa faini ambayo familia haitaimaliza kuilipa.

7. KIKUNDI KISIMWACHE MTU NYUMA

Simu ya intaneti haimfikii mwenye mulika mwizi. Haifiki polisi kwa namba 999 wala 112. Bando likiisha, nayo imekwisha. Tumeona vikundi vikihamisha matangazo yote WhatsApp, halafu akina mama wakongwe wasio na simu za namna hiyo wanaambiwa, "Tuliamua jana usiku." Huo si uamuzi wa kikundi. Twapendekeza sharti liingizwe katika katiba ya kikundi: jambo lolote la pesa lisikatwe WhatsApp peke yake. Litangazwe kwa ujumbe wa kawaida au kwa mdomo, lipitishwe mkutanoni, na katibu aliandike. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na wezi nao wamejifunza simu. Mweka hazina asimpe mtu yeyote namba yake ya siri, wala zile tarakimu zinazotumwa na WhatsApp au kampuni, hata anayepiga akijiita ofisa. Mteja wa Safaricom aweza kuituma namba ya tapeli kwa 333 bila malipo.

8. MLANGO WA KUBISHA

Ile Tume ya zamani sasa inaitwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2013. Ukiwa na malalamiko, fuata ngazi:

Ya kwanza, mwenye kampuni. Mweleze, naye akupe namba ya malalamiko. Andika tarehe, saa, namba ya simu na kiasi cha pesa.

Ya pili, kama hukuridhika, peleka kwa Mamlaka. Wana ofisi ya kanda ya Pwani, Mombasa.

Ya tatu, liko baraza la rufaa la mawasiliano. Mwaka 2019 wakili mmoja alilipelekea malalamiko juu ya bando zinazoisha muda kabla hazijatumika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Safaricom ilianza kuuza bando zisizo na mwisho wa muda. Mtu mmoja alibisha, na jambo likasogea.

Katiba ya mwaka 2010 inatupa nguvu. Kifungu cha 46 chataja haki za mnunuzi. Kifungu cha 10 chataja ushirikishwaji wa wananchi, na cha 118 chaliagiza Bunge liwashirikishe. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi barua ya kikundi iandikwe kwa Kiswahili safi, na isidharauliwe kwa ajili hiyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya mawasiliano ya jamii mwaka 1963, Inter Mirifica, na Kanisa limeendelea kufundisha kwamba vyombo hivi ni vya kumtumikia binadamu, hasa aliye mnyonge. Mkumbuke pia yule mjane katika Injili ya Luka sura ya 18. Hakimu hakumjali. Alirudi, akarudi tena, mpaka akasikilizwa. Yeye alikuwa peke yake. Ninyi ni kikundi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi wana simu ya intaneti, wangapi mulika mwizi, na wangapi hawana simu? Tunawafikiaje wote?
2. Kati ya hoja ya makampuni na hoja ya watumiaji, ipi twaiunga mkono? Kwa nini?
3. Je, ni haki mtu wa Vitengeni kulipa ushuru sawa na mtu wa Nairobi kama mtandao wake ni dhaifu?
4. Ni familia zipi kijijini zina mtoto Arabuni? Nani atawatembelea na kuwasomea sehemu ya 6?

KAZI YA MWEZI

Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume. Kwa wiki mbili waandike ni wapi kijijini mtandao hushika na wapi haushiki, kwa kutaja shule, zahanati, kisima na njia panda. Mkishapata orodha hiyo, andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa Mamlaka, mkitaja Hazina ya Huduma kwa Wote, na nakala mpelekee chifu na mbunge. Nakala moja ibaki katika faili ya kikundi, yenye tarehe ya siku mliyoituma. Majibu yakija, au yasipokuja, tuleteeni habari kwenye mkutano wa vikundi parokiani.